Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu na Asiyeweza Kusema: Tutajuaje Kuwa Anaumwa?

SWALI:

Sheikh, mimi ni mtu wa Wete, Pemba, lakini nafanya biashara ya nguo Kahama, mkoa wa Shinyanga, huu mwaka wa tisa. Alipofariki baba nilimchukua mama nikaja naye huku. Ana miaka 78. Kumbukumbu zilianza kumpotea miaka mitatu nyuma, na tokea mwaka jana hasemi tena ila "ee" na "alhamdulillahi". Sasa ni mwezi wa pili analia usiku. Mke wangu akimkosha uso anampiga. Mkate hautaki, anakunywa uji tu, na uji ukiwa wa moto anautema. Majirani wameanza kunong'ona, na mmoja kaniambia wazi kuwa huku ajuza anayelia usiku watu humwangalia kwa jicho jengine. Wapo walionishauri nimpeleke kwa mganga, na wapo waliosema nimfunge mikono wakati wa kumkosha. Jamaa zetu Wete wanasema ni uzee, na maumivu ni kafara, nimwache. Naomba hukumu na muongozo.

JAWABU:

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ndugu muulizaji, jambo la haraka nilikwambia kwa simu siku ile ile: mpeleke mama hospitali, na mwambie daktari amtazame kinywani kabla ya kitu chochote. Haya yaliyobaki nayaandika kwa ajili ya wasomaji wote, kwani barua kama yako zinanijia pia kutoka Micheweni, Makunduchi na mjini. Tofauti ni kuwa wewe uko mahali ambapo kosa la kutofahamu linaweza kuondoka na roho ya mtu.

Maradhi haya wataalamu wanayaita dimenshia. Si uzee wenyewe, kwani wako wazee wa miaka 90 wanaosomesha juzuu zao bila ya kitabu. Ni ubongo kuharibika kidogo kidogo, na mwisho mtu hupotewa na maneno. Qur'ani imeitaja hali ya mwanadamu kurudishwa kwenye umri dhaifu mpaka asijue kitu baada ya kuwa alikuwa akijua, katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Hali hii, basi, inajulikana katika dini yetu, na haina aibu wala haihitaji kutafutiwa mtu aliyeisababisha.

Lakini angalia: kilichopotea ni maneno na kumbukumbu. Maumivu hayakupotea. Jino lililooza linamuuma aliyesahau jina la mwanawe kama linavyomuuma kadhi. Lililomwondokea ni uwezo wa kusema "naumwa, na hapa ndipo panaponiuma". Hili linawapotea hata madaktari. Huko New York, mwaka 2000, watafiti waliwatazama wazee waliovunjika nyonga. Wale wenye dimenshia kubwa walipewa dawa ya maumivu ya aina ya mofini kiasi cha thuluthi moja tu ya waliyopewa wenzao wenye akili timamu, ilhali mfupa uliovunjika ni ule ule. Sababu ni kuwa hawakuiomba.

Kosa nililolifanya mimi mwenyewe

Sitaki msomaji adhani nazungumza nikiwa juu ya mimbari. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Alipofika miaka themanini na kitu alisahau kila kitu isipokuwa baadhi ya sura fupi. Wiki moja alianza kuvuta kikoi chake, kukivua, na kutukana. Ulimi ule sikuwahi kuusikia ukitukana maisha yangu yote. Mimi na elimu yangu ya madrasa na ya chuo kikuu nikaona hili ni la kusomewa. Nilimsomea usiku baada ya usiku. Tukampeleka hospitali moja, wakampa dawa ya usingizi, tukarudi naye.

Aliyemwokoa ni jirani yetu, mama mtu mzima aliyestaafu unesi. Alikuja kumjulia hali, akamfunua tumbo, akaweka mkono chini ya kitovu na kuniambia: "Sheikh, baba yako mkojo umemziba." Palikuwa pamevimba na pagumu kama kibuyu. Alipowekewa mpira ilitoka zaidi ya lita moja, na baba akalala kabla hatujafika nyumbani. Ilikuwa tezi dume. Alikuwa akituonesha kwa mikono yake miwili pale panapouma, nasi tukimwambia: "Baba, jisitiri."

Kisomo sikijutii, kwani ruqya kwa Qur'ani ni sunna. Ninachokijutia ni kukifanya kuwa mbadala wa kumtazama.

"Alhamdulillahi" si jibu

Wazee wetu wa visiwani wamelelewa katika adabu ya kutolalamika. Mwulize mmoja wao "hujambo?" naye homa inamchoma, atakwambia "sijambo, alhamdulillahi". Neno hili ni miongoni mwa ya mwisho kumtoka mwenye dimenshia, kwa sababu halipiti tena kwenye akili, linapita kwenye mazoea. Basi anayemwuliza mama yake "unaumwa?" akajibiwa "alhamdulillahi" bado hajajibiwa kitu. Wala "ee" haina maana ya ndiyo. Mwulize kama anaumwa atakwambia "ee", mwulize kama haumwi atakwambia "ee".

Hata hivyo, aliyebakiwa na maneno kidogo aulizwe, na aulizwe kwa lugha aliyoinyonya. Mzee wa Kojani au wa Tumbatu aulizwe kwa maneno ya kwao. Bibi wa Kisukuma huko uliko aulizwe kwa Kisukuma, kwani lugha aliyojifunza ukubwani huondoka kabla ya ile ya utotoni. Usimwulize maneno mawili kwa pamoja. Gusa goti, uliza "hapa?", kisha ngoja. Mpe muda mrefu zaidi kuliko unavyodhani unatosha.

Kinachosema baada ya ulimi

Wauguzi wana kipimo kinachojulikana duniani kwa jina la PAINAD, kilichotengenezwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii. Hakihitaji chombo chochote. Unamtazama mgonjwa dakika tano katika mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na namna anavyotulizika. Kila moja linapewa 0, 1 au 2, na jumla haizidi 10.

Kwenye pumzi, mtu anayepumua kawaida ana 0, anayehema kwa taabu kidogo au kwa vipindi ana 1, na anayehema kwa kelele au kwa kasi muda mrefu ana 2. Kwenye sauti, kimya kisicho na tatizo ni 0, kugumia na kunung'unika mara moja moja ni 1, kulia na kupiga kelele ni 2. Uso hutazamwa hivi: uliotulia ni 0, wenye huzuni, hofu au kukunja paji ni 1, uliojikunja wote kwa uchungu ni 2. Mwili uliolegea ni 0, wenye wasiwasi, wa kutembeatembea na kuhangaika ni 1, na ule uliokakamaa, ngumi zimefungwa, magoti yamevutwa, au unaompiga na kumsukuma anayeukaribia ni 2. La tano: asiyehitaji kutulizwa ana 0, anayetulia akishikwa mkono au akisemeshwa ana 1, asiyetulia kwa lolote ana 2.

Mtazame mara mbili, akiwa amepumzika na akiwa anageuzwa, anavishwa au anakoshwa. Maumivu mengi ya mifupa hujificha mtu akiwa amelala. Na usiifanye namba hii kama kipimajoto. Sita ya mama yako si sawa na sita ya mama wa mwenzako. Faida yake ni kumlinganisha mtu na nafsi yake: jana alikuwa na mbili, leo ana sita, kuna nini?

Halafu kuna alama ambazo haziko kwenye vipimo vya wazungu, nasi tunazo kila siku mbele ya macho yetu. Swala ni mojawapo. Mzee anayeswali kwa mazoea hata baada ya kusahau idadi ya rakaa anauonesha mwili wake wote mara tano kwa siku. Aliyekuwa akisujudu akaanza kuishia kwenye rukuu, mtazame magoti na nyonga. Asiyeinua tena mkono wa kulia kwenye takbira, mtazame bega. Anayekataa maji ya udhu usoni lakini anayakubali miguuni, tazama meno, macho na masikio. Nimewaona watu wakimsimamisha mzee kwa nguvu arudie swala "aliyoiharibu", na mwili wake ulikuwa ukiwaambia kitu.

Vivyo hivyo kazi za mikono. Bibi aliyekuwa akisuka ukili bila kutazama na sasa anauweka chini baada ya pindi mbili, pengine vidole vinamuuma. Aliyependa kubebeshwa mjukuu na sasa anamsukuma, pengine mapaja au tumbo linamuuma. Kila mmoja ana yake, na ndiyo maana binti anayeishi naye anajua zaidi kuliko daktari anayemwona robo saa. Binti huyo asikilizwe anaposema "mama si yeye wiki hii".

Na tahadhari na kimya. Watu hutazama kelele tu. Wako wanaoumwa wakajikunja ukutani, hawali, hawafungui macho, na nyumba ikashukuru kuwa bibi ametulia.

Pa kutafuta

Ukishaona mabadiliko, mpekue mwili mzima kwa upole, kama mama anavyompekua mtoto mchanga anayelia. Anza kinywani: jino bovu, ufizi uliovimba, vidonda, utando mweupe, au meno ya bandia yanayobana. Masikio yaliyoziba nta, na macho mekundu yenye machozi. Nenda kwenye mgongo wa chini, visigino na nyonga kutafuta vidonda vya kulala, na kumbuka kuwa ngozi nyekundu isiyopauka ukiibonyeza, au kwa mtu mweusi sehemu iliyokoza na yenye joto, ndiyo mwanzo wa kidonda. Tazama makucha ya miguu yaliyoingia nyamani. Tazama chini ya pampasi. Vipele vilivyojipanga upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi, na maumivu yake hubaki hata vipele vikishakauka.

Hesabu siku alizopata choo kikubwa. Choo kigumu ni katika sababu kubwa kabisa za kilio cha wazee wasiosema, na ni jambo dogo kulitibu. Angalia mkojo, kama unatoka kidogo kidogo, una harufu kali, au hautoki. Na mzee aliyeanguka, hata kama aliinuka, kisha akakataa kukanyaga mguu mmoja, apigwe picha ya nyonga.

Liko jambo la kutenganisha hapa. Ikiwa mtu amebadilika kwa saa chache au siku mbili, jana alikuwa akikutazama na leo hajielewi kabisa, anasinzia au anaona vitu, hilo si dimenshia kuendelea. Dimenshia haina mwendo huo. Huenda ni maradhi ya mkojo, kichomi, malaria, sukari kushuka au maji kupungua mwilini, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nyinyi mlioko kwenye mikoa ya dhahabu kuna la ziada. Wako wazee Nyarugusu na Lwamgasa, mkoani Geita, na huko Kahama, waliotumia ujana wao kwenye maduara na makarasha. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki kisha huichoma, na moshi wake ukivutwa miaka mingi humtia mtu kutetemeka, kusahau na kubadilika tabia. Vumbi la mwamba nalo huharibu mapafu. Kwa hiyo mzee aliyekuwa mchimbaji akisahau na kutetemeka, daktari aambiwe kazi aliyoifanya, asije akaandikiwa "uzee" yakaisha. Na kuhema kwake kwa taabu huenda kukawa ni mapafu, si maumivu, kwa hiyo ile alama ya pumzi isomwe pamoja na nyengine.

Ajuza anayelia usiku

Sasa nije kwa wanaonong'ona. Usukumani wameuliwa vikongwe kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na Shinyanga na Geita zimo katika mikoa iliyoumia zaidi. Dalili iliyotajwa sana ilikuwa ni macho mekundu. Wanawake hao walipikia kuni, mabua na samadi kavu ya ng'ombe maisha yao yote ndani ya vibanda visivyo na dirisha. Moshi ndio uliowatia wekundu machoni, na macho hayo yalikuwa yakiwauma. Waliuliwa kwa sababu ya ugonjwa.

Mtazame sasa mgonjwa wa dimenshia kwa jicho la mtu aliyekwishaambiwa na mpiga ramli kuwa jirani yake ni mchawi. Anatoka usiku. Anapotea, asubuhi anakutwa mlangoni kwa watu, pengine bila nguo kwa kuwa zilimbana au alitafuta choo asikione. Anasema peke yake. Analia kwa sauti wakati watu wamelala. Kila jambo katika haya lina maelezo ya kitabibu, na kila jambo katika haya mpiga ramli analiuza kama ushahidi. Tunaposikia kwenye habari kuwa bikizee "ameanguka na ungo" kwenye kiwanja cha mtu alfajiri, mimi huogopa kuwa huyo ni mama wa mtu aliyepotea njia ya kurudi kitandani kwake.

Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Na Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamtia hatiani anayemtaja mtu kuwa ni mchawi. Katika dini yetu jambo ni zito zaidi. Kumwendea mpiga ramli na kumwuliza kunamfanya mtu swala yake isikubaliwe siku 40, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim. Kumzulia asiye na hatia ni buhtani, na ikifuatiwa na kumwaga damu ni katika madhambi makubwa kabisa. Kwa hiyo, ndugu yangu, kwa mganga usiende, na wala usiende "kuwaridhisha majirani". Ukishaingia kwake ushampa mama yako jina.

Na nyinyi mlioko visiwani msijione mmeepukana. Sisi hatusemi mchawi sana, tunasema ana jini, ana rohani, kapagawa. Wazee wanakumbuka mwaka 1995, wakati wa hofu ya popobawa, kundi la watu mjini Unguja lilimuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye.

Muulizaji afanye nini na majirani? Asifiche. Nyumba inayofunga madirisha ndiyo inayozungumzwa. Mwite balozi wa nyumba kumi, imamu wa msikiti wa karibu, na jirani unayemwamini, waketi na mama mchana, wamwone. Waambie jina la maradhi na waambie hospitali anayotibiwa. Ukipata cheti cha daktari, kiwepo. Ukitishwa, nenda polisi usingoje la pili. Usiku mama asilale peke yake, na mlango uwe na komeo asiloliona kwa urahisi, lakini asifungiwe chumbani akiwa peke yake.

Hukumu za mliyoyauliza

Kumfunga mikono haijuzu. Kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara huondolewa, na hapa unamwongezea madhara mtu anayejitetea kwa maumivu. Anayepiga wakati wa kukoshwa uso anasema "usiguse hapo". Acha hapo, kosha kwengine, tafuta sababu.

Kauli ya kuwa maumivu ni kafara ni ya kweli, imewekwa pasipo pake. Malipo ya subira ni ya anayesubiri. Hayampi mwengine ruhusa ya kumwachia maumivu mzazi wake ilhali ana uwezo wa kumwondolea. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametuamrisha tujitibu, na akabainisha kuwa ugonjwa mmoja tu ndio hauna dawa, nao ni uzee. Wanaosema "ni uzee" huishikilia hadithi hii kwa ncha ya mwisho. Uzee hauna dawa, ndiyo, lakini jino lina dawa, choo kina dawa, na mkojo una dawa. Na ikiwa Suratul Israa aya ya 23 imekataza hata neno dogo la kuchoshwa na mzazi aliyefikia uzeeni, vipi kumwacha akilia miezi miwili?

Swala na swaumu: aliyepotewa na akili hana kalamu juu yake, na hadithi ya waliondolewa kalamu ni mashuhuri. Halazimiki swala wala kulipa. Akitaka kuswali kwa mazoea aachwe, kwa namna yoyote anayoiweza, wala asirekebishwe. Ramadhani apewe chakula, maji na dawa zake kwa wakati wake. Nimesikia nyumba zinazomcheleweshea bibi dawa mpaka futari, na hilo ni kosa. Watu pia huchanganya fidya: ile ya kibaba kwa kila siku ni ya mzee mwenye akili aliyeshindwa kufunga. Asiye na akili katika madhehebu yetu ya Shafi haimlazimu. Mkitoa sadaka kwa niaba yake, Allah atawalipa, lakini msidhani ni deni.

Kuhusu mtoto wa kiume kumpekua mama yake, akiwepo binti au mkwe ndiye anayestahiki zaidi. Asipokuwepo, haja ya tiba inaruhusu kutazama kwa kadiri ya haja.

Dawa

Mwaka 2011 Wanorwe walichapisha utafiti uliofanywa katika nyumba 18 za kutunzia wazee, wagonjwa 352 wa dimenshia wenye fujo na mahangaiko. Nusu waliendelea na matunzo ya kawaida. Nusu ya pili walipewa tiba ya maumivu kwa mpango, hatua kwa hatua, wiki 8, na wengi wao kilichowatosha ni paracetamol. Fujo zao zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Yaani kile kilichoitwa tabia mbaya, sehemu yake kilikuwa ni maumivu.

Kwa mtu mzima kiasi kinachozoeleka ni vidonge viwili vya miligramu 500, hadi mara tatu kwa siku, na kwa mzee isizidi gramu 3 kwa siku nzima. Aliye chini ya kilo 50, au mwenye maradhi ya ini, hupewa pungufu, na hilo aulizwe daktari. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani yake. Akikubali daktari, apewe kwa saa maalumu kwa siku kadhaa, si mpaka alie, na kipande kimoja kiwe kama saa moja kabla ya kukoshwa. Andikeni namba za kile kipimo kabla na baada. Zikishuka mmepata jawabu.

Diclofenac na ibuprofen zinazouzwa kama njugu madukani ziepukwe bila ya daktari, kwani huumiza figo na tumbo la mzee na kupandisha presha. Dawa za usingizi humnyamazisha tu na kumwangusha. Pale maumivu yanapokuwa makubwa, kama ya saratani, mofini ya maji inajuzu kwa maelekezo ya tabibu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu walijadili zamani dawa ya kuondoa fahamu kwa anayekatwa kiungo kilichooza, na kauli yenye nguvu ni kujuzu. Uganda wamekuwa wakiwapa wagonjwa mofini ya maji majumbani tokea mwaka 1993, kwa juhudi za daktari Anne Merriman na hospisi yake. Anayeinyima familia yake kwa hofu ya haramu amekosea.

Huko kanda ya ziwa, linaloshinda hospitali za wilaya hupelekwa rufaa ya mkoa na kisha Bugando, Mwanza. Visiwani mpelekeni Mnazi Mmoja, Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani, na aende na yule anayemkosha kila siku, si mtoto mwenye gari.

Muulizaji alinipigia tena baada ya siku kumi na mbili. Lilikuwa gego la chini upande wa kulia, limeoza mpaka kwenye taya, na usaha. Likang'olewa, akapewa dawa. Mama bado hamjui mwanawe na bado anasema "alhamdulillahi" kwa kila kitu, ila analala usiku, na juzi alikula boflo lililochovywa kwenye chai. Mkewe anamkosha uso. Kwa majirani hali haijatulia sana, na wamekubaliana na nduguze kuwa baada ya masika atamrudisha Wete, akakae kwa dada yao mkubwa.

Wallahu aalam.